Miaka Yangu ya Kujaribu Bunduki za Maji

Kwanza vueni saa. Pili, vueni viatu vya ngozi kama mnavyo, ingawa nyinyi wa siku hizi nawaona na raba nyeupe tu, nyeupe mpaka mtu anaogopa kuwakaribia na kikombe cha chai. Tatu, hakikisheni hakuna mteja mbele yenu. Hapo ndipo mnaweza kujaza maji bunduki ya kuchezea na kuifyatua.

Hilo la tatu nilijifunza kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza katika duka la jumla la Mzee Chaula pale Makambako, nilipewa bastola ya maji ya njano niangalie kama inafanya kazi. Nikaijaza, nikaielekeza mlangoni, nikafyatua. Mlangoni alikuwa anaingia padri wa misheni moja ya huku kwetu, amekuja kununua ndoo. Maji yakampata katikati ya paji la uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Padri akatoa leso, akajifuta taratibu, akasema, "Mwanangu, mimi nilishabatizwa zamani." Akanunua ndoo sita na ile bastola pia. Mpaka leo sijui aliitaka ya nini.

Kila mkija hapa nyumbani Njombe kunijulia hali mnaniuliza swali lile lile: "Mama Zawadi, kweli ulikuwa unalipwa kwa kuchezea midoli?" Ndiyo, nimelipwa zaidi ya miaka ishirini kuchezea midoli, na nimestaafu na mgongo unaouma na pengo la jino la mbele. Chezeni nyinyi muone. Wawili wenu sasa mmeshika nafasi yangu kule dukani, na wengine mnataka kufungua maduka yenu, basi kaeni nisimulie. Simu wekeni mfukoni.

Mzee Chaula alikuwa Mkinga wa kutoka Makete, mfupi, mwepesi wa miguu, asiyeweza kuona kontena bila kutaka kujua ndani kuna nini. Aliuza ndoo, mabeseni, viti vya plastiki na midoli. Wachuuzi wa vijijini walichukua mzigo kwake. Alipenda kuwaambia, "Hakuna kitu kinachopanda rafuni kwangu bila kupita mkononi mwa Mama Zawadi." Hakuwaambia kwamba akiwa na haraka vitu hivyo vilinipita ubavuni.

Aliyenifundisha kazi hakuwa yeye. Alikuwa Fundi Mhema, aliyetengeneza mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa kwenye viazi na nyanya. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa duka letu. Alikuwa Mlutheri wa siku nyingi, mpole, mtu asiyetoa sentensi mbili pale inapotosha moja. Siku moja mama mmoja alirudisha bastola inayovuja, akanifokea mbele ya watu, nami nikabaki naigeuzageuza kama mtu aliyepewa barua ya Kichina. Fundi Mhema akaninyang'anya, akaifungua kwa kisu.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Bastola ya maji."

"Hapana. Ni bomba la dawa la mtoto. Ina pampu, ina vali, ina mpira, ina mdomo. Mpira ukiwa mbaya, hayo mengine yote ni rangi tu."

Tangu siku hiyo nikaanza kupima kwa akili. Sikilizeni, maana haya hamtayapata kwenye zile video mnazotumiwa na mawakala. Ukishajaza maji, ilaze juu ya gazeti kavu, nenda kasonge ugali, rudi. Gazeti likilowa, irudishe ilikotoka. Triga, kile kidude cha kuvuta kwa kidole, ivute kwa mkono wa kushoto, kwa vidole viwili, kwa sababu mtoto wa miaka sita hana mkono wako wa kubebea magunia. Usijaze maji safi peke yake. Mtoto atajaza maji ya dimbwini, yenye mchanga na kiluwiluwi ndani, kwa hiyo na wewe chota dimbwini uone kama mdomo utaziba. Kisha idondoshe kwenye saruji kutoka usawa wa bega. Ikiwa tupu haitakuambia kitu. Iangushe ikiwa imejaa, hapo ndipo utaona mshono wake umeshikana au umebandikwa tu. Halafu iache juani, juu ya bati, siku nzima, uifyatue tena.

Umbali nilipima kwa hatua, kutoka pipa la maji hadi geti. Mzee Chaula aliwahi kuninunulia futi ya kuvuta, ya mita nyingi. Niliitumia mara moja. Ilirudi kwa kasi ikanichapa kidole, nikairudia miguu yangu.

Makosa nilifanya mengi. Nilipitisha bunduki za kijani ambazo rangi yake ilihamia mikononi, na nusu ya darasa la pili la shule moja wakaenda nyumbani na viganja kama majani ya chai. Nilikataa nyingine nzuri kabisa kwa sababu mimi mwenyewe nilisahau kutoa karatasi iliyowekwa mdomoni. Fundi Mhema aliitoa kwa ukucha, akanirudishia, akarudi kwenye mabomba yake. Lakini kosa kubwa ni hili ninalotaka mlisikie.

Ilikuwa mwezi wa sita, miaka michache kabla sijastaafu. Shule zimefungwa, watu wanavuna, vijijini kuna fedha kidogo. Akaja wakala kutoka mjini, kijana nadhifu aliyejitambulisha kwa jina la Geofrey, na sampuli ya bunduki kubwa ya buluu. Ilikuwa na tangi mgongoni. Unaipiga pampu, hewa inajibana ndani ya tangi, ukivuta triga maji yanatoka kwa nguvu ya ajabu. Mzee Chaula aliifyatua kutoka barazani, maji yakavuka barabara yakamlowesha muuza nyanya wa upande wa pili. Muuza nyanya alitukana. Mzee Chaula, mwenye wajukuu tisa, aliruka kwa furaha kama wa kumi.

"Mama Zawadi, ipime upesi kabla hajampelekea mwingine!"

Nikaipima siku mbili. Gazeti kavu. Triga laini. Niliiangusha ikiwa imejaa, haikupata hata mkwaruzo. Nikaandika kwenye daftari langu: Nzuri sana. Nikapiga mstari chini yake, jambo ambalo sikuwahi kufanya.

Mzigo ulipofika, nilipita kati ya maboksi nikiyagusagusa kama mama anayehesabu wanawe, lakini sikufungua hata moja. Vijana wawili wa Mdandu wakachukua yao. Mama Tumsifu, mchuuzi wa Iwawa kule Makete, akachukua boksi zima akapanda basi. Siku ya nne, Fundi Mhema akaja kuomba maji ya kunawa, akaona yale maboksi.

"Umezipima?"

"Nilipima, Fundi. Nzuri sana."

"Ulipima ipi?"

"Ile ya sampuli."

"Na hizi?"

"Si ndizo hizo hizo?"

"Nani kasema?"

Nikaudhika. Nikafungua boksi, nikachomoa bunduki, nikaijaza maji, nikaanza kupiga pampu nikimtazama yeye usoni, ili aone. Nilikuwa nimeinama juu ya tangi. Sikumbuki mlio wake. Nakumbuka nimekaa chini, mdomo umejaa damu, na Fundi Mhema anapapasa sakafuni. Alileta vitu viwili kiganjani: kifuniko cha tangi na jino langu.

Hakucheka. Alinipa maji nisukutue, kisha akaniwekea kifuniko kile karibu na kile cha sampuli. Cha sampuli kilikuwa na mizunguko minne ya kukazia. Hiki kilikuwa na miwili, tena myembamba. Walitupatia sampuli nzuri tuipime, wakatuletea mzigo mwingine.

"Afadhali jino lako," alisema, "kuliko jicho la mtoto."

Tukapima kumi, tukigeuza nyuso mbali na kujikinga kwa mabeseni. Nne zilirusha kifuniko. Hakuna iliyorusha kabla ya pampu ya kumi na tano. Nikaenda kwa Mzee Chaula na leso mdomoni.

"Mzigo ni mbaya. Inabidi tuwaambie waliochukua waache kuuza."

Aliniangalia kama nimemwambia duka linaungua. "Wewe ndiye uliyeandika nzuri sana. Mstari ukapiga. Sasa nikawaambie watu Chaula anauza mabomu?"

"Nitawaambia mimi. Nitasema nilikosea mimi."

"Ukitoka hapa kwenda kuniharibia jina, funguo za stoo ziache mezani."

Wanangu, nilikuwa na binti chuoni na sikuwa na kazi nyingine. Nisijifanye shujaa: nilichofikiria zaidi ni lile jino. Nilikuwa nimelipapasa pengo lake kwa ulimi na kuona jinsi lilivyokuwa karibu na jicho. Nikaziweka funguo mezani, zikalia, nikatoka.

Wale wa Mdandu niliwapigia simu, wakarudisha mzigo kwa pikipiki siku hiyo hiyo, wakinicheka nilivyokuwa natamka. Herufi zote za "s" zilitoka na upepo. Mama Tumsifu naye alisema alikuwa ameuza tatu. Mbili amezipata.

"Ya tatu anayo Bibi Eliza, mama yangu," akaniambia. Si mama yake wa kumzaa, ni heshima tu. "Hataki kuitoa. Nimekwenda mara mbili. Anasema aje aliyeitengeneza."

"Ameinunulia wajukuu?"

"Wajukuu gani? Ya kwake."

Nikapanda basi kwenda Iwawa. Nyinyi mnaojifunga skafu Njombe mkisema baridi, nendeni Iwawa mwezi wa sita ndipo mzungumze. Nililala kwa Mama Tumsifu chini ya mablanketi matatu. Kwa udadisi wa kazi, nilikuwa nimeacha bunduki moja ya mzigo wake nje juu ya jiwe, ikiwa na maji. Asubuhi niliikuta tangi limepasuka kwenye mshono, ndani kuna barafu, na mpira wake umekuwa mgumu kama ganda la muwa. Huko Makambako nisingejua hilo kamwe. Basi jifunzeni kwangu: bidhaa inayokwenda Makete ipimwe kwa baridi ya Makete.

Bibi Eliza alikaa upande wa pili wa bonde, nyumba ya peke yake, mashamba ya viazi pande zote. Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, blanketi mabegani. Mbele yake turubai limetandazwa, ngano inaanikwa juu yake. Pembeni kuku kumi na kitu wamesimama mbali, wamenyong'onyea, wanamtazama. Na mapajani mwake, buluu inang'aa, ilikuwepo bunduki yangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mwenye kiwanda?"

"Hapana, Bibi. Mimi ndiye niliyeipima."

"Umefanya kazi nzuri. Kaa."

Mimi Mbena, yeye Mkinga, Kiswahili chetu kilikutana katikati, lakini tulielewana vizuri kupita nilivyotaka. Nikamweleza. Nikamwonyesha kifuniko. Nikamwonyesha na pengo. Aliliangalia kwa huruma, akasema dawa yake ni kusukutua kwa maji ya chumvi. Bunduki hakuitoa.

"Sikiliza," akasema. "Tangu nipo msichana nakimbiza kuku kwenye ngano. Mume wangu amekufa nakimbiza kuku. Magoti yameisha nakimbiza kuku. Sasa siku nne hizi nakaa kama chifu, napiga tii, wanaondoka. Halafu wewe umepanda basi kuja kuninyang'anya?"

"Bibi, itakuumiza."

"Mbona haijaniumiza?"

"Unapiga pampu mara ngapi?"

"Saba, nane. Mikono inachoka."

Hapo nikaelewa. Nikaanza kumweleza kwamba siku atakapozidisha kifuniko kitaruka, kumbe maneno yangu ndiyo yaliyompa wazo. Jogoo mmoja mwekundu alikuwa amejisogeza hadi ukingo wa turubai. Bibi Eliza akaibana bunduki magotini, akainama juu yake, akaanza kupiga pampu kwa hasira ili anionyeshe.

"Mgeni ngoja uone inavyofika!"

Nilikuwa sijagundua mpaka alipoinama: jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe, halioni. Alikuwa analeta karibu lile la kulia, zima, juu kabisa ya kifuniko, atazame kama tangi limejaa.

Nikahesabu kimya bila kupenda. Tisa. Kumi. "Bibi, tafadhali." Kumi na moja. Mama Tumsifu naye, "Mama, acha!" Kumi na mbili. Kumi na tatu. Hapo nikaacha adabu. Nilimrukia mwanamke mwenye umri wa mama yangu, nikaisukuma ile bunduki kutoka magotini kwake kwa mikono miwili, tukaanguka wote na kigoda. Mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania pampu, ikaingia mara mbili zaidi tulipokuwa tunaanguka. Ikalia.

Kifuniko kilipita juu yetu kikapiga sufuria lililokuwa limeanikwa kwenye kichanja. Sufuria likaruka, likagonga mlango, likabingirika uani likipiga kelele kama kengele ya kanisa. Kuku wakatawanyika, wengine wakavuka ua.

Bibi Eliza akanyanyuka kwenye kiwiko, akaangalia uani pasipo na kuku hata mmoja.

"Wote wamekwenda," akasema. "Leo imefanya vizuri kuliko jana."

Mama Tumsifu akamletea sufuria. Ubavuni lilikuwa limebonyea, kidole gumba kingeweza kulala ndani. Bibi Eliza akakilaza. Kisha ule mkono mwingine ukapanda polepole ukagusa jicho lake la kulia, ukalifunika, ukalifunua, ukalifunika tena.

"Chukua," akasema.

Nikaichukua. Sikuweza kuondoka, maana kuku walianza kurudi na ngano ilikuwa bado mbichi. Nikavua viatu, nikakimbiza kuku kuzunguka turubai lile hadi jua lilipopungua, mimi na umri wangu, Bibi Eliza akinielekeza kutoka kwenye kigoda: "Yule mwekundu! Huyo huyo! Mwizi wangu! Mbona unakimbia kama umebeba mayai?" Mama Tumsifu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipoaga nilimwahidi Bibi nitamletea nyingine isiyomdhuru. Aliniitikia kama watu wanavyowaitikia wanasiasa.

Makambako nilirudi nikijua sina kazi. Nilipitia dukani kuchukua kanga na kikombe changu tu. Nikasikia mlio stoo, nikachungulia uani. Mzee Chaula alikuwa amesimama katikati ya maboksi yaliyofunguliwa, amevaa helmeti ya pikipiki, amekumbatia bunduki ya buluu. Fundi Mhema amekaa pembeni nyuma ya beseni, anahesabu pampu kwa sauti. Chini kulikuwa na vifuniko vimezagaa. Kioo cha dirisha la ofisi hakikuwepo.

Mzee Chaula alifungua helmeti. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Iwawa, Mzee. Uliniambia niache funguo."

"Basi zinanijazia meza," alisema, akageuka kuendelea na kazi ili nisimwone uso.

Baadaye Fundi Mhema alinieleza. Nilipoondoka, Mzee Chaula alitaka kumthibitishia Fundi kwamba mwanamke amekuza mambo. Ya tatu aliyoijaribu ndiyo iliyovunja dirisha. Akaomba helmeti. Mzigo wote ulirudishwa kwa Geofrey. Tangu hapo, kila mzigo ulioingia nilichomoa vitu kutoka boksi la juu, la katikati na la chini kabisa, wakala akisubiri na jasho lake. Nawaombeni mfanye hivyo hata wakala akiwa rafiki yenu. Akiwa rafiki yenu, ongezeni boksi moja.

Kabla ngano haijaisha mashambani nikapanda tena basi, na bunduki tatu za aina rahisi, zile za kuvuta na kusukuma zisizoweka hewa ndani. Moja ilikuwa ndefu, nzuri, iliyofika mbali kuliko zote kwenye vipimo vyangu. Hiyo ndiyo niliyomwekea Bibi Eliza juu kabisa mfukoni. Akaijaribu, vidole vikakataa. Ya pili akaiona nzito. Ya tatu ilikuwa fupi, ya waridi, na picha ya bata ubavuni. Nilikuwa nimeiandika kuwa dhaifu, haifiki hatua sita, na niliibeba kwa kukamilisha idadi tu.

Bibi Eliza akaivuta kwa kiganja kizima, bila shida. Hakumlenga jogoo mwekundu alipokuwa mbali. Alitulia, akamwacha aje, aje, hadi mdomo wake ukagusa ngano. Akasukuma. Jogoo akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto, akakimbilia kwenye viazi.

"Hii," akasema, akaitia ndani ya blanketi.

Nikatoa daftari. Kwenye mstari ule wa bunduki ya waridi nilikuwa nimeandika umbali, uzito, kuvuja, kuanguka, jua, matope, na mwisho, Dhaifu. Nikalikata neno hilo. Nilikaa kwenye kigoda cha mgeni nikitafuta la kuweka mahali pake, Bibi akinisubiri nimalize ili tunywe chai. Mwishowe nikaandika nilichokiona: Kuku amekimbia.